Majira hayaletwi na umbali wa Jua, na kivuli cha Dunia hakipunguzi Mwezi. Tuweke mambo sawa

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna maswali mawili ambayo karibu kila aliyepita darasani anaamini anayajua, mpaka aambiwe haya eleza. Kwa nini kuna majira ya joto na majira ya baridi? Na kwa nini Mwezi huandama ukiwa mwembamba, ukajaa, kisha ukapungua mpaka ukapotea?

Majibu yanayotoka haraka ni haya. Majira: Dunia ikilikaribia Jua inapata joto, ikienda mbali inapoa. Mwezi: kivuli cha Dunia kinaufunika kidogo kidogo. Yote mawili si kweli. Na msidhani ni makosa ya wasiosoma. Mwaka 1987 ilitoka filamu fupi ambamo watu 23 wa Chuo Kikuu cha Harvard, wahitimu wenye majoho pamoja na walimu wao, waliulizwa maswali ya aina hii. Watu 21 walichemsha, tena kwa kujiamini kabisa.

Mimi lawama zangu nazipeleka kwa wachoraji wa vitabu. Kumbukeni ule mchoro: Jua katikati, na njia ya Dunia imebonyezwa mpaka imekuwa ndefu kama mtumbwi. Mtoto akiangalia pale, akili yake inampa jibu palepale: huku karibu joto, kule mbali baridi. Ila mchoro umetiwa chumvi. Chukua karatasi, chora njia halisi ya Dunia kwa upana wa sentimita 30. Tofauti kati ya urefu na upana wake haitafika hata sehemu ya 20 ya milimita moja. Mstari wa penseli wenyewe ni mnene kuliko hiyo tofauti. Utachora duara, na hakuna atakayekubishia. Kitakachoonekana ni kwamba Jua halikai katikati barabara, limesogea pembeni kwa milimita mbili na nusu. Basi.

Hayo mamilimita ndiyo yanayofanya umbali wetu na Jua uwe kilomita milioni 147 mwanzoni mwa Januari na milioni 152 mwanzoni mwa Julai. Someni tena hiyo miezi. Tuko karibu zaidi na Jua Januari, wakati Kanada imefunikwa na theluji. Na Januari hiyohiyo Australia wanaungua. Kama umbali ndio ungekuwa bosi wa majira, Dunia nzima ingepata joto kwa pamoja na kupoa kwa pamoja.

Sababu yenyewe ni mhimili. Dunia inajizungusha ikiwa imeinama nyuzi 23.4, na hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita: inainama upande uleule mwaka mzima. Ncha ya kaskazini inaelekea karibu na Nyota ya Kaskazini Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Dunia haitikisi kichwa huku na huku. Inachobadilika ni upande ambao Jua lipo. Mwezi wa Juni mwinamo huo unaangukia upande wa Jua, kwa hiyo kizio cha kaskazini kinalielekea. Miezi sita baadaye Dunia iko ng'ambo ya pili ya Jua, mwinamo ni uleule, lakini sasa kaskazini imelipa Jua kisogo na kusini ndiyo imepata zamu.

Kulielekea Jua kunaleta mambo mawili. La kwanza ni pembe ya mwanga. Simika kijiti cha mita moja pale Prague, mji wa Ulaya ulio nyuzi 50 hivi kaskazini ya ikweta. Adhuhuri ya tarehe 21 Juni kivuli chake kitakuwa nusu mita. Adhuhuri ya tarehe 21 Desemba, kijiti kilekile, kivuli kinavuka mita tatu. Jua la Desemba limelala, miale inafika kwa mshazari, na mwanga uliotosha mita moja ya mraba ya ardhi unatandazwa kwenye mita tatu na zaidi. Kila mita inaambulia theluthi tu ya ilichopata Juni, hapo hatujahesabu hewa nene ambayo miale ya mshazari lazima ipenye.

La pili ni urefu wa mchana. Palepale Prague, mchana wa Juni unafika saa 16, wa Desemba saa 8 tu. Theluthi ya nguvu, kwa nusu ya muda. Fanya hesabu mwenyewe uone kama baridi inahitaji maelezo mengine.

Nipumzike kidogo, Mwezi nauleta chini. Wenye kupinga karibuni.

Kaa la Moto

Mkuu nakupinga. Ukisema kaskazini imelielekea Jua mwezi Juni, si maana yake imesogea karibu na Jua? Umeutoa umbali mlangoni ukaurudisha kwa dirishani.

Mleta mada

Kaa la Moto, swali zuri na wengi wananasa hapohapo. Kweli imesogea. Lakini kwa kiasi gani? Dunia nzima ina kipenyo cha kilomita 12,742. Hata ukichukua sehemu iliyo mbele kabisa na iliyo nyuma kabisa, tofauti haiwezi kuzidi hapo. Weka hiyo mbele ya kilomita milioni 152: haifiki sehemu moja ya elfu kumi. Kilomita milioni 5 nzima zimeshindwa kuleta joto Kanada mwezi Januari, elfu chache zitaweza nini?

Kinachofanya kazi ni uso wa ardhi kulitazama Jua ana kwa ana au kwa pembeni. Umbali ni ule ule.

Pwaguzi

Sasa hizo milioni 5 ni za bure? Haiwezekani zisifanye lolote.

Binti Sayari

Naomba nimsaidie mleta mada hapa. Pwaguzi, zinafanya kitu. Januari Dunia nzima inapokea mwanga wa Jua zaidi ya Julai kwa karibu asilimia 7. Kwa hesabu ya haraka ungetegemea majira ya joto ya kusini yawe makali kuliko ya kaskazini. Lakini kizio cha kusini kimejaa bahari, na maji ni mazito kupasha. Matokeo yake yanachekesha: ukichukua wastani wa joto la uso wa Dunia yote, Julai ina joto kuliko Januari, yaani tuna joto zaidi tukiwa mbali! Ni kwa sababu mabara mengi yako kaskazini, na ardhi kavu inapata moto upesi.

Athari nyingine unaweza kuihakiki sasa hivi kwa kalenda ya ukutani. Hesabu siku kutoka 20 Machi, mchana na usiku vinapokaribia kulingana, mpaka 22 Septemba vinapolingana tena. Utapata 186. Kisha kutoka hapo mpaka 20 Machi inayofuata: 179. Nusu mbili za safari, lakini moja ina wiki nzima ya ziada. Dunia inakwenda kasi zaidi ikiwa karibu na Jua, kama kilomita 30.3 kwa sekunde, na inapunguza hadi 29.3 ikiwa mbali. Mwanaastronomia Johannes Kepler aliitangaza kanuni hiyo mwaka 1609. Kwa hiyo majira ya joto ya kaskazini ni marefu kidogo kuliko ya kusini, na hilo ndilo deni halisi la umbali.

Pwaguzi

Nimehesabu kwa simu. 186. Nimenyoosha mikono.

Msomaji Kimya

Mimi huwa nasoma napita, ila leo nauliza. Watu wa karibu na ikweta mbona hawana hayo majira manne? Wao mhimili hauwahusu?

Mleta mada

Unawahusu, ila kwao unagusa kidogo sana. Turudi kwenye kijiti. Pale ikweta, Machi na Septemba Jua linapita utosini kabisa, kijiti hakina kivuli adhuhuri. Juni na Desemba Jua linakuwa limesogea nyuzi 23.4, moja upande wa kaskazini na nyingine kusini, na mwanga wa adhuhuri unapungua kwa asilimia 8 tu. Linganisha na Prague inayopoteza theluthi mbili. Na mchana wa ikweta ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima, haurefuki wala haufupiki.

Tena angalia jambo hili ambalo vitabu havisemi: asilimia 8 za mwinamo, na Binti Sayari ametaja asilimia 7 za umbali. Kwenye ikweta hivyo viwili vinakaribia kulingana nguvu! Ndiyo sehemu pekee Duniani ambapo mtu wa "umbali" anaweza kukohoa kidogo tukamsikiliza.

Kwa hiyo pale joto halipangi mwaka, mvua ndiyo inaupanga. Panapopigwa na Jua la utosini hewa hupanda, unyevu hupoa huko juu, mawingu hujijenga. Ule mkanda wa mvua unalifuata Jua kaskazini na kusini kila mwaka kwa kuchelewa kiasi. Sehemu nyingi za karibu na ikweta unazipita mara mbili, ukienda na ukirudi, ndiyo maana hupata misimu miwili ya mvua. Ukisogea mbali zaidi kuelekea kwenye tropiki, mapito mawili yanaungana na kuwa msimu mmoja. Milima, bahari na pepo huvuruga utaratibu huu sana, kwa hiyo asitokee mtu hapa kuniletea kijiji chake ambacho mvua haijui kalenda. Najua vipo.

Nahodha Mstaafu

Vijana mnajitahidi. Naongeza moja. Tarehe 21 Juni ndiyo siku ndefu kule kaskazini, lakini joto kali linakuja Julai na Agosti. Sababu ni kwamba baada ya siku ndefu kupita, ardhi na bahari bado kwa wiki kadhaa zinapokea kuliko zinavyotoa, kwa hiyo joto linazidi kupanda japo mchana umeanza kufupika. Bahari ndiyo inachelewa zaidi ya vyote. Maji ya juu ya Atlantiki ya Kaskazini yana joto zaidi Agosti na Septemba, na huo ndio wakati ambao vimbunga vyake vinapamba moto. Baharia anayesoma kalenda bila kusoma maji atapata tabu.

Kaa la Moto

Shikamoo Nahodha. Na sayari nyingine je? Au majira ni ya kwetu tu?

Binti Sayari

Kila sayari kwa mwinamo wake. Jupita imeinama nyuzi 3 tu, kwa hiyo majira yake hayana maana sana. Mars ndiyo inayotufanana, nyuzi 25, ila kwake Jua kweli limesogea mbali na katikati ya njia: umbali wake na Jua unatoka kilomita milioni 207 hadi milioni 249. Ikiwa karibu inapata mwanga zaidi ya asilimia 40 kuliko ikiwa mbali. Ukihamia Mars, jibu la umbali linaanza kupata haki zake. Halafu kuna Uranus, imelala kabisa, nyuzi 98, na mwaka wake ni miaka 84 ya kwetu. Ncha yake moja inakaa kwenye mwanga kama miaka 42, kisha giza la muda kama huo.

Mleta mada

Sawa, sasa Mwezi. Hapa naomba muwe na subira kwa sababu napenda mtu afanye kwa mikono yake kuliko kunisoma.

Usiku, zima taa zote za chumba, bakiza balbu moja tupu, isiyo na kifuniko, usawa wa kichwa chako. Tafuta mpira mdogo mweupe kiasi cha ngumi, uchomeke kwenye penseli. Simama hatua kadhaa kutoka kwenye balbu. Balbu ni Jua, kichwa chako ni Dunia, mpira ni Mwezi. Nyoosha mkono, mpira uwe juu kidogo ya kichwa, na jiweke sawa ukiitazama balbu.

Unauona mpira? Upande unaokutazama ni mweusi. Haukukosa mwanga, umemulikwa vizuri sana, ila upande wa nyuma usiouona. Huo ndio mwezi muandamo kabla haujaonekana. Sasa zunguka polepole kuelekea kushoto, mkono ukiwa umenyooka. Ukingo mwembamba wa kulia unaanza kung'aa, umepinda. Endelea. Ukifika robo ya mzunguko, balbu iko kuliani kwako na mpira umegawanyika katikati, nusu nyeupe nusu nyeusi, mpaka kati yake ni mstari ulionyooka. Endelea mpaka uipe balbu mgongo: mpira wote mweupe. Mwezi mpevu. Zunguka nusu iliyobaki uone unavyopungua kuanzia upande wa kulia uleule uliotangulia kuwaka.

Katika zoezi lote hilo, nusu ya mpira ilikuwa na mwanga wakati wote. Haikuzidi, haikupungua. Kilichobadilika ni kiasi gani cha ile nusu nyeupe wewe ulipata kukiona kutoka uliposimama. Hakuna kivuli cha kichwa chako kilichohusika popote.

Ila ukitaka kukiona hicho kivuli, rudi kwenye mwezi mpevu, ushushe mkono mpaka mpira uingie barabara kwenye kivuli cha kichwa chako. Utazimika. Huko ndiko kupatwa kwa Mwezi, jambo jingine kabisa, na linatokea siku za mwezi mpevu peke yake.

Pwaguzi

Hapo sasa umejifunga mwenyewe. Kama mwezi mpevu uko nyuma ya Dunia, mbona haupatwi kila mwezi?

Mleta mada

Ndiyo maana nilisema mkono uwe juu kidogo. Njia ya Mwezi imeinama nyuzi 5 na kitu kulinganisha na njia ya Dunia kulizunguka Jua. Nyuzi 5 zinaonekana ndogo kwa sababu ya kosa la pili la wachoraji: wanauweka Mwezi puani mwa Dunia. Fanya kwa vipimo vya kweli. Dunia iwe mpira wa sentimita 30. Mwezi utakuwa na sentimita 8, na utauweka mita 9 kutoka hapo. Mita tisa, wakuu, hautoshi hata ukurasa wa gazeti. Kivuli cha Dunia kikifika huko kimesinyaa, kina upana wa kama sentimita 22. Na huo mwinamo wa nyuzi 5 unaweza kuupitisha Mwezi sentimita 80 juu au chini ya kivuli. Miezi mingi unapita bila hata kukikaribia. Mara mbili hivi kwa mwaka mistari inakaa sawa, na hapo ndipo tunapopata habari za kupatwa, kwa Jua au kwa Mwezi.

Binti Sayari

Na kwa mwenye ubishi wa kivuli, kuna ushahidi usiohitaji balbu. Mwezi nusu ule wa wiki ya kwanza huwa juu angani saa tisa au saa kumi alasiri, na Jua nalo lipo. Viangalie vyote viwili. Jua lile pale, Mwezi ule pale, wewe uko chini yao. Dunia imepita wapi katikati yao ikatupe kivuli?

Jingine ni umbo. Kivuli cha Dunia kwenye Mwezi kina ukingo wa mviringo kila mara. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alilitumia hilo kama hoja kwamba Dunia ni tufe. Mwezi nusu mstari wake umenyooka, na siku chache baadaye mstari umetunga nje kama tumbo. Kivuli cha mviringo hakiwezi kuchora hivyo.

Nahodha Mstaafu

Ukishaelewa kwamba Mwezi unapimwa na pembe yake kutoka kwenye Jua, unakuwa na saa angani. Mwezi mpevu uko kinyume cha Jua, basi unachomoza Jua likizama, saa kumi na mbili jioni hivi, na saa sita usiku uko juu kabisa. Mwezi nusu unaokua uko juu kabisa Jua linapozama, na unatua saa sita usiku. Mwezi nusu unaopungua ndio kwanza unachomoza saa hiyo ya usiku wa manane. Ule mwembamba wa mwanzo unalifuata Jua mara moja magharibi, ule mwembamba wa mwisho unalitangulia mashariki alfajiri. Kila siku Mwezi unachelewa kuchomoza, kwa wastani dakika 50.

Sasa utaona wachoraji wa picha wanavyojiaibisha. Hilali nyembamba inachomoza mashariki usiku wa manane! Au nyota inang'aa katikati ya pembe zake. Pale katikati ya pembe si uwazi, ni mwili wa Mwezi ulioko gizani. Nyota haiwezi kupita hapo.

Msomaji Kimya

Hapo kwenye mwili wa Mwezi nimekukubali mzee. Maana hilali ikiwa changa, huwa naona sehemu iliyobaki kwa mbali, kama kijivu. Huo mwanga unatoka wapi kama Jua halijafika?

Nahodha Mstaafu

Unatoka kwetu. Mtu aliyesimama Mwezini siku hiyo anaiona Dunia karibu imejaa, kwa sababu sura za Dunia kule ni kinyume cha sura za Mwezi huku. Mwanga wa Jua unagonga Dunia, hasa mawingu, unaruka hadi Mwezini, na kidogo unarudi machoni pako. Leonardo da Vinci alilieleza hilo mwanzoni mwa karne ya 16. Alikosea kudhani bahari ndizo zinazorudisha mwanga mwingi, ila kimsingi alipatia.

Kaa la Moto

Mimi linanichanganya la siku. Nimesoma sehemu Mwezi unazunguka Dunia kwa siku 27, kwingine 29 na nusu. Ipi ni ipi?

Mleta mada

Zote mbili ni za kweli. Siku 27.3 ni muda wa Mwezi kurudi kwenye nyota ileile. Siku 29.5 ni muda wa kurudi kwenye sura ileile, kutoka mpevu hadi mpevu. Mwezi ukimaliza mzunguko wake, Dunia yenyewe imeshasogea karibu nyuzi 27 kwenye njia yake, kwa hiyo Jua linaonekana upande mwingine kidogo. Mwezi unalazimika kukimbia siku mbili na ushee zaidi kulifidia.

Na hapo ndipo kalenda zinapogombana. Miezi 12 ya siku 29.5 ni siku 354, pungufu ya mwaka wa Jua kwa siku 11. Kalenda ya Hijria inafuata Mwezi mtupu, hivyo miezi yake inarudi nyuma na kupita katika majira yote kwa miaka kama 33. Wengine walitafuta suluhu. Mwanaastronomia Meton wa Athens, mwaka 432 kabla ya Kristo, alionyesha kwamba miaka 19 ya Jua ni karibu sawasawa na miezi 235 ya mwandamo. Kalenda ya Kiyahudi mpaka leo inaongeza mwezi wa 13 mara saba katika kila miaka 19 ili majira yasipotee.

Pwaguzi

La kwangu la mwisho. Vitabu vinasema mwezi unaokua unang'aa kulia. Mimi nilipo hilali inakaa chali, mwanga uko chini, pembe zinatazama juu. Kitabu kimekosea au macho yangu?

Binti Sayari

Kitabu kimeandikwa na mtu wa mbali kaskazini. Upande unaong'aa siku zote ni ule ulioelekea Jua. Karibu na ikweta Jua linazama wima, kwa hiyo liko chini ya Mwezi, na hilali inakaa chali. Kaskazini Jua linazama kwa mshazari kuelekea kulia, mwanga unakuwa kulia. Kusini ni kushoto. Mwezi ni mmoja, vichwa vya watazamaji ndivyo vimeelekea pande tofauti. Katika zoezi la balbu mtu wa kusini azunguke kuelekea kulia, atapata sura yake.

Kaa la Moto

Nami nimalizie. Nimeishi miaka kadhaa kaskazini huko. Mwezi mpevu wa Desemba ulikuwa unapita juu sana, wa Juni unaburuta karibu na paa za nyumba. Nilidhani ni hisia tu.

Mleta mada

Si hisia, na umeleta swali linalounganisha mada zote mbili. Mwezi mpevu uko kinyume cha Jua. Desemba Jua la kaskazini limeshuka, basi Mwezi mpevu unapita kwenye njia ya juu ambayo Jua hupita Juni. Juni Jua limepanda, Mwezi mpevu unashika njia ya chini. Kwenye ncha ya kaskazini, katika miezi ya giza, Mwezi wa karibu na kujaa unakaa angani siku kadhaa mfululizo bila kutua.

Halafu ongeza zile nyuzi 5 za njia ya Mwezi. Mwelekeo wake unazunguka kwa miaka 18.6, mara unajumlishwa kwenye 23.4, mara unatolewa. Kilele cha kujumlishwa kilikuwa 2024 na 2025, Mwezi ukafika nyuzi 28 na nusu kaskazini na kusini ya ikweta ya anga, yaani ikweta ya Dunia ikipanuliwa hadi angani. Kwa Prague, mwezi mpevu wa Desemba 2024 ulipanda hadi nyuzi 68 hivi juu ya upeo wa macho. Ule wa Juni 2025 haukuvuka 12. Kilele kingine ni 2043.